Shajara ya mradi: mazabodi tatu za AM4, Ryzen moja na betri ya studio

Mwisho wa Agosti

Kazi ni kompyuta ya kuhariri video kwa studio ndogo ya Kenya, komini (mtaa) ya hapa Lubumbashi: harusi, kwaya, matangazo ya maduka. Vipande vingi viko tayari. Prosesa ni Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018, kori 6 na nyuzi 12, kasi ya msingi giga 3.4 na ya juu kabisa 3.9. RAM ni vijiti viwili vya giga 8, DDR4-3200. Kadi ya picha ni GTX 1650. Kinachokosekana ni mazabodi, bodi kuu inayobeba hivi vyote, na hapo ndipo pesa ya Yaya (mkubwa wetu, mwenye studio) itakapoliwa au kuokolewa.

Yeye ameshasema anachotaka. "Mdogo, mie siko natafuta mambo ya michezo. Nataka klipu iishe mbele umeme haujaenda."

Umeme ukienda, studio inaishi kwenye inveta na betri moja ya volti 12, Ah 100. Kwenye karatasi hizo ni wati-saa 1,200. Betri ya risasi ukiikamua zaidi ya nusu kila siku unaiua mapema, basi hesabu 600. Toa kinacholiwa na inveta yenyewe, unabaki na 510 hivi. Kwa hiyo kila bodi nitaipima kwa mambo mawili: prosesa inafika wapi ikipandishwa kasi, na klipu ngapi zinatoka kwenye hizo wati-saa 510. Kipimo cha kwanza kila mtu anakipenda. Cha pili sikioni kwa wanaolinganisha mazabodi, nadhani kwa sababu wanaishi mahali ambapo umeme hauagi na kuondoka.

Mwanzo wa Septemba

Nimezunguka maduka ya mjini na ya soko la Kenya. Bidhaa nyingi mpya ni za Dubai. Zimeshuka Dar es Salaam, zikavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa, na kila kituo kimeongeza dola zake. Zilizotumika zinatoka Ulaya, nyingi zikiwa bado ndani ya kompyuta za ofisi.

Hizo za ofisi nimeziruka. Chipseti zake (chipu za bodi zinazosimamia vipande vingine) haziruhusu kugusa kasi ya prosesa, na baadhi zina plagi za umeme za kwao peke yao, kwa hiyo pawasaplai ikifa unaanza kusaka adapta. Intel nayo nimeifikiria. Kule unahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni na mazabodi yenye chipseti ya Z. Nimepata i7-4790K, ile ya 2014, kwa bei nzuri, lakini Z97 ya kuipokea hakuna anayeitoa. Zilizopo ni H81 na B85. Kuna pia bodi za Kichina za X99 zinazouzwa pamoja na Xeon E5-2670 v3 yenye kori 12. Ni nyingi kweli kwa bei hiyo. Ila prosesa ile imeandikiwa wati 120 hata kabla hujaigusa, na betri yetu ni moja.

Tunabaki AM4, soketi ya prosesa za Ryzen. Upande wa AMD karibu kila Ryzen iko wazi, mlango unaofungwa ni wa chipseti: A320 na A520 haziruhusu kubadilisha kizidishi cha prosesa (namba inayopanga kasi yake), B350, B450, B550, X370, X470 na X570 zinaruhusu. B550 ningeichukua bila kufikiri, lakini rasmi haipokei Ryzen za mfululizo wa 2000. X470 inakupa zaidi nafasi ya kugawanya njia kwa kadi mbili za picha. Studio ina kadi moja, na hiyo moja ilinunuliwa kwa awamu.

Hivyo meza yangu ina bodi tatu. Ya kwanza ni A320 iliyotumika, dola 35. Ya pili ni B450 ndogo ya microATX, nafasi nne za RAM, dola 60. Jina lake silitaji kwa sababu nitaisema vibaya kidogo mbele. Ya tatu ni MSI B450 Tomahawk Max, nimeazima kwa fundi mwenzangu ambaye yuko tayari kuiachia kwa dola 110.

Septemba, kabla ya kuwasha chochote

Muuzaji mmoja sokoni alinigeuzia bodi mkononi akaanza kunihesabia koili. "Angalia vizuri, iko na fezi kumi." Nikamwambia: "Papa, hizo ni koili kumi. Fezi ni habari ingine." Akacheka, akapunguza dola tano. Bado sikuinunua.

Hapa panafaa maelezo, kwa sababu ndipo bei za mazabodi zinapotofautiana kwa haki au kwa uongo. Pawasaplai inaleta volti 12. Prosesa inataka volti moja na kidogo. Kazi ya kushusha inafanywa na VRM, ile safu ya mosifeti, koili na kapasita iliyozunguka soketi. Prosesa ikila wati 125 kwa volti 1.375, mkondo unaopita ni kama ampea 90. VRM yenye ufanisi wa asilimia 88 inapoteza wati 17 hivi njiani, na zote zinakuwa joto kwenye eneo la upana wa vidole vitatu. Ndiyo maana bati la kupoza juu ya mosifeti lina maana kuliko taa za rangi, na ndiyo maana idadi ya koili haitoshi: koili mbili zinaweza kuwa zimeunganishwa kwenye fezi moja (njia moja ya kushusha volti), nyingine zinahudumia sehemu ya prosesa isiyo ya kori, na mosifeti dhaifu hazipati nguvu kwa kuwa nyingi.

Mimi nikiwa sokoni na tochi ya simu naangalia mengine. Plagi ya umeme ya prosesa ina pini 4 au 8? A320 yetu ina 4, hizo mbili za B450 zina 8. Bati la kupoza lipo, na limeshikwa kwa skrubu au kwa vipini vya plastiki vyenye springi? La skrubu linakandamiza vizuri. La vipini ukiligusa kwa kidole linacheza. Kapasita ni zile ngumu zenye kichwa bapa, au kuna za zamani zilizoanza kuvimba? Na mgongo wa bodi, nyuma ya VRM, rangi imebadilika kuwa kahawia? Ikiwa kahawia, bodi hiyo imeshapikwa na mtu mwingine.

Unene wa shaba ndani ya bodi hauonekani kwa tochi. Matangazo yanasema aunsi 2, maana yake ni mikromita 70 kwenye tabaka badala ya 35 za aunsi moja, na shaba ikiongezeka joto linatawanyika zaidi. Inachekesha kuulizia mikromita za shaba katika mji huu, malori ya shaba yakipita barabarani kuelekea mpakani mchana na usiku.

Katikati ya Septemba: A320

Klipu ya majaribio ni ya kwaya, 1080p, inatolewa kwa x264, programu ya kubana video kwa prosesa. Kadi ya picha inaweza kubana video yenyewe na kwa kazi za haraka tunaitumia. Za wateja Yaya anazitoa kwa prosesa, kwa sababu faili linakuwa dogo kwa ubora uleule, na watu hapa wanatumiana kwa megabaiti walizonunua kwa franka zao.

A320 imewaka bila neno. RAM ilianza na kasi ya chini kama kawaida. Nimewasha XMP, mpangilio wa kasi ulioandikwa kwenye RAM yenyewe, ikafika 3200. Hili wengi hawalijui: A320 inakataa ovakloki (kupandisha kasi) ya prosesa, lakini RAM unaweza kuipandisha. Na kwenye Ryzen RAM si jambo dogo, maana Infinity Fabric, njia inayounganisha sehemu za ndani za prosesa, inakwenda sambamba nayo: RAM ya 3200, njia ya megahezi 1600. Kwenye kutoa klipu faida ni ndogo. Kwenye kuburuta vipande vya video huku na huku, mkono unaisikia.

Klipu moja ni dakika 20 na sekunde chache, wati 127 kwenye mita ya plagi. Nimebandika waya wa kupimia joto wa multimita mgongoni mwa bodi, nyuma kabisa ya mosifeti: digrii 80, chumba kikiwa 24. Haina bati lolote, lakini feni ya Wraith Stealth iliyokuja na prosesa inapuliza kushuka chini, na hewa hiyo inafika mpaka VRM. Kumbuka hilo, litarudi.

Hesabu: wati-saa kama 42 na nusu kwa klipu. Betri inatoa klipu 11, ya 12 ikiishia mlangoni. Na hakuna cha kurekebisha, kwa sababu bodi hii haina hata sehemu ya kupunguza volti.

Mwisho wa Septemba: B450 ndogo

Sasa joto limeingia. Chumba kinafika 30 mchana, na vumbi jekundu linaingia hata dirisha likifungwa.

Kwanza nimeweka kipoza cha mnara chenye feni ya milimita 120, kwa kuwa Stealth haiwezi kubeba ovakloki ya maana. Kizidishi 40, yaani giga 4.0 kwa kori zote, volti 1.3125. Windows ikafunguka, nikaanzisha Prime95, programu ya kuibebesha prosesa mzigo mzito, huku HWiNFO ya kusoma joto na kasi ikiwa wazi pembeni. Prosesa yenyewe ilitulia kwenye 74. VRM haikutulia. Multimita ilipita 90, ikapita 100, na ilipofika 104 kasi ikaporomoka chini ya giga 2, ikarudi, ikaporomoka tena. Bodi inajilinda: VRM ikichemka inaiamuru prosesa ipunguze. Ukiangalia joto la prosesa peke yake utadhani Windows ina matatizo.

Kipoza cha mnara ndicho kilichochangia. Kinapuliza kuelekea nyuma ya kasha na kupita juu ya VRM bila kuigusa. Nimerudisha Stealth na kila kitu cha kiwandani, kwenye chumba kilekile: VRM 74. Kwa bodi ndogo, feni ya bei rahisi inayopuliza chini ni bora kuliko mnara wa dola 30. Wauza minara hawatakuambia.

Bodi hii pia haina namna ya kusahihisha volti inayoshuka prosesa inapobebeshwa mzigo. Unaandika namba moja kwenye BIOS (programu ya msingi ya bodi), mzigo ukija unapata ndogo zaidi. Kwa giga 4.1 sikuihangaikia hata kidogo.

Ila nimeigeuza kazi. Badala ya kupandisha volti, nimeweka giga 3.8 kwa kori zote na kushusha volti hatua kwa hatua mpaka ikaanza kukosea, kisha nikarudi juu kiasi cha usalama. Umeme unaoliwa unapanda sambamba na kasi, lakini kwa volti unapanda kwa mraba wake, kwa hiyo kila sehemu ndogo ya volti unayoiondoa inalipa mara mbili. Na prosesa ikiachiwa kujipangia, huwa inajipa volti zaidi ya mahitaji, kwa sababu kiwanda hakijui chipu yako ni nzuri au mbaya kiasi gani.

Matokeo: dakika 19 na sekunde 20, wati 116, VRM digrii 72 na Stealth juu yake. Wati-saa 37 na kidogo kwa klipu. Klipu 13 kwa betri. Ina haraka kuliko ya kiwandani na inakula kidogo kuliko ya kiwandani, na hiyo ni bodi ambayo ovakloki ya kawaida imeishinda.

Hasara yake niiandike: ukishafunga kizidishi, ile giga 3.9 ya kori moja inapotea, unabaki na 3.8 kila mahali. Kwenye kuhariri sikuona tofauti.

Oktoba, wiki za joto kali: Tomahawk Max

Hii ni bodi ya mtu mzima. Mabati mawili mazito ya skrubu, LLC (ile ya kusahihisha volti inayoshuka) yenye ngazi nyingi, na kitufe cha nyuma cha kubadilisha BIOS bila prosesa wala RAM. Hicho kitufe nimekijaribu kwa makusudi, kwenye inveta, si kwenye umeme wa mji, kwa sababu umeme ukikatika BIOS ikiandikwa unabaki na kigae. Unachukua fleshi ya FAT32, faili unalipa jina MSI.ROM, unachomeka kwenye tundu lililowekewa alama, unabonyeza, kitaa kinamweka mpaka kimalize. Fundi asiye na prosesa ya zamani ya kuazima ataelewa thamani yake.

Kwa nini BIOS mpya kama 2600 inawaka na ya zamani? Kwa sababu ya kesho. Mwezi Mei 2020 AMD walitangaza kwamba Zen 3, kizazi cha Ryzen 5000, haitafika kwenye chipseti za 400 kama B450, wateja wakapiga kelele, na mwezi haujaisha wakageuza uamuzi. Leo Ryzen 5 5600 inakaa kwenye B450. Toleo la Max lina chipu ya BIOS ya megabaiti 32 badala ya 16 za Tomahawk ya kwanza, hivyo orodha ndefu ya prosesa inaenea bila kukata menyu.

Ovakloki: giga 4.1 kwa volti 1.375, LLC ngazi ya kati, kipoza cha mnara. Giga 4.2 ilifungua Windows lakini Prime95 iliiangusha, na kuongeza volti zaidi kwenye chipu ya Zen+, kizazi cha hii 2600, ni kununua joto. Hapo 4.1 VRM ilisimama kwenye 78 na chumba 31. Haikuyumba. Niliiacha ikifanya kazi nikaenda kula bukari, nikarudi bado 78.

Klipu: dakika 18. Wati: 184.

Hapo ndipo nimeweka kalamu chini kidogo. Dakika 18 kwa wati 184 ni wati-saa 55. Betri inatoa klipu 9. Bodi bora ya meza, ikifanya kile ilichonunuliwa kufanya, inaipa studio klipu chache kuliko A320 ya dola 35. Umeme wa mji ukiwepo, sawa, unaokoa dakika mbili kwa kila klipu. Ukienda, unapoteza klipu mbili za wateja kwa kila chaji.

Nimeirudisha kwenye giga 3.8 kama ile ndogo. Kwa kuwa LLC inaishika volti isiyumbe, nimeweza kushuka mpaka 1.15 bila kosa lolote kwenye Prime95 usiku kucha. Wati 110, dakika 19 na sekunde 20, VRM 54. Klipu 14.

Basi tofauti kati ya B450 ya dola 60 na ya dola 110, kwa matumizi haya, ni klipu moja kwa chaji. Tofauti kati ya A320 na B450 ndogo ni dola 25 kwa klipu mbili, na unapata kasi juu yake. Namba hizi ni za chipu hii ninayoishika. 2600 nyingine itataka volti zaidi au kidogo. Mpangilio wake, hata hivyo, sitegemei ugeuke.

Mwisho wa Oktoba

Tumekaa na Yaya, nimemwonyesha karatasi. Alitazama Tomahawk, akaipima kwa mkono, akapenda uzito wake. "Hii ndiyo inaonekana kama kitu."

"Yaya, inaonekana. Lakini tukichukua ile ndogo, hizi dola 50 zinaanzisha betri ya pili. Betri ya pili ni klipu 13 zingine. Hii nzito inakupa moja."

Alinyamaza kidogo kisha akauliza kama ile ndogo haitaungua. Swali zuri. Kwa 4.0 ningesema itaungua mapema. Kwa 3.8 na volti iliyoshushwa, VRM yake inafanya kazi nyepesi kuliko ambavyo ingefanya kwa mipangilio ya kiwandani, mradi feni inapuliza chini na mtu anapangusa vumbi. Nimempa masharti mawili: brashi laini kila mwisho wa mwezi wakati wa kiangazi, na asimruhusu kijana yeyote "kuifungua ikimbie zaidi".

Tomahawk imerudi kwa mwenyewe. Ningekuwa na prosesa ya kori 8, au mteja mwenye jenereta inayowaka siku nzima, ningeitetea kwa nguvu zote. VRM ile haina mashaka na kitufe cha BIOS peke yake kina thamani ya dola 20 kwa fundi. A320 imeuzwa kwa sekretariati ya karibu na chuo, inachapa barua na kutoa fotokopi, kazi inayoifaa.

Novemba

Mvua zimeanza na chumba kimeshuka hadi 26. VRM ya bodi ndogo sasa inasoma 67 katikati ya klipu. Nimepitisha MemTest86, kipimo cha RAM, mara nyingine baada ya kuhamishia mashine studio, safi. Betri ndogo ya CR2032 nimeweka mpya, kwa sababu kwenye bodi iliyotumika betri hiyo ikifa mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani: volti juu, RAM chini, na hakuna atakayejua isipokuwa inveta itakayoanza kulia mapema. Namba zote za BIOS nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kasha, pamoja na mahali pa kugusisha pini mbili kwa ncha ya bisibisi kama mashine itagoma kuwaka.

Betri ya pili imelipiwa nusu. Yaya ameanza kuulizia 5600. Bodi itaipokea baada ya BIOS mpya, na hii ndogo haina kitufe, kwa hiyo BIOS itaandikwa 2600 ikiwa bado kwenye soketi, mashine ikiwa kwenye inveta, kabla prosesa mpya haijatolewa kwenye boksi.